Kidole cha Loretta

Loretta Kouba alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kusema leo nalala mapema, kesho naamka mzima. Alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Miaka ishirini na miwili alikuwa akisimama kwenye kiwanda cha jibini, buti za mpira miguuni, maji ya chumvi mpaka kwenye viwiko, na zamu ilianza jua likiwa bado halina habari. Akirudi nyumbani mumewe Duane anamwita, maana mgongo wa Duane uliharibika na siku hizi anaishi kitini. Simu inamwita. Binti yao anamwita kutoka Milwaukee, gari limekufa tena. Loretta, Loretta, Loretta! Hata paka wa nyumba ile alishajifunza kumwita.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuna aliyemwita: kiti cha chuma kilichofungwa juu ya mwaloni, futi kumi na nane kutoka chini, kwenye shamba la Bi Adeline Sebranek. Kila mwaka majani yakipukutika, kulungu madume wakianza kukimbiza majike bila kula wala kulala, Loretta alitoka kiwandani mchana, akapanda pale na upinde wake, akakaa saa tatu bila kutamka neno. Kuua hakukuwa kila mwaka. Alichokifuata hasa ni kule kukaa.

Sasa kiti chenyewe kilikuwa mashakani, na kosa ni la kidole chake mwenyewe.

Wapiga upinde wa jimbo la Wisconsin wana ugonjwa ambao hospitali haina dawa yake. Wenyewe wanauita kiwewe. Unavuta upinde vizuri, unalenga vizuri, lakini ile nukta ya kulengea iliyo kwenye upinde ikigusa tu kile unachokitaka, kidole kinakurupuka na kufyatua bila kukuuliza. Kwenye karatasi ya shabaha unapoteza alama, unachekwa, mnakunywa bia, yameisha. Kwa mnyama haiishi hivyo. Mwaka uliopita kidole cha Loretta kilikurupuka nukta ikiwa bado tumboni mwa dume, hata haijafika kifuani. Alifuata matone ya damu siku mbili, yakaisha kwenye nyasi. Mwezi wa nne theluji ilipoyeyuka, Bi Adeline akamkuta yule kulungu amekufa kijitoni, mshale umo ndani, na kwenye mshale kuna jina, maana watu wa ligi ya shabaha huandika majina kwenye mishale yao isije ikachanganyika. LORETTA K., herufi kubwa, wino usiofutika.

Bi Adeline alikuwa mjane wa miaka themanini na mmoja. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliuosha ule mshale, akausimamisha dirishani jikoni kwake kwenye kopo la miiko, kisha akamwita Loretta aje auone.

"Nilikupa shamba uue," alisema. "Sikukupa utese. Mwaka huu nakuachia nafasi moja. Ukinijeruhia mwingine, fungua kiti chako uondoke, na soseji zako sizitaki."

Soseji ndiyo ilikuwa kodi. Kila mwindaji aliyeruhusiwa kuwinda shambani mwa mtu alimpelekea mwenye shamba soseji za kulungu, na kukataliwa soseji zako kulikuwa ndiyo kufukuzwa kwenyewe.

"Nimekusikia, Bi Adeline."

"Mshale unabaki hapa."

Basi Loretta akaenda kwa Verlyn Havlik, fundi na muuza pinde, aliyegeuza zizi la ng'ombe la marehemu baba yake kuwa duka, na nyuma yake ukumbi wa kupigia shabaha. Akamweleza yote. Verlyn akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kifyatulio chako."

Pinde za siku hizi, zile zenye magurudumu nchani, hazivutwi kwa vidole vitupu. Unavaa kifyatulio, kidude cha chuma kinachong'ata uzi wa upinde mpaka wewe ukiamrishe kiachie. Cha Loretta kilikuwa cha mkanda, kinafungwa kwenye kifundo cha mkono kama saa, kina kitufe cha kubonyeza kwa kidole cha shahada. Wawindaji wengi hutumia hicho. Verlyn alikitupa kwenye droo, akamwekea kingine kiganjani, cha shaba nyeupe, kizito, hakina kitufe popote.

"Kitufe kiko wapi?"

"Hakuna. Hiki ni cha wapiga shabaha. Unavuta, unalenga, unaendelea kubana mgongo polepole, kinazunguka kidogo kidogo mpaka kinaachia chenyewe. Wewe hutajua saa wala dakika. Kidole chako kitakosa cha kukurupukia."

"Na kikiniachia kabla sijawa tayari?"

Verlyn akafungua mdomo, akamwonyesha pengo. "Hili nilipewa na hicho hicho. Kwa hiyo dole gumba likizuie kisizunguke mpaka umalize kuvuta. Umesikia, dada?"

Miezi sita Loretta alipiga na kidude kile. Kwanza alisimama hatua tano kutoka kwenye robota la nyasi, macho yamefumbwa, hata karatasi hakuna. Akitoka kiwandani mikono imevimba, anakwenda kwa Verlyn. Siku nyingine alitamani tu alale pale pale kwenye nyasi. Duane akawa anasema, "Mke wangu, kuna watu wanasali mara chache kuliko unavyokwenda kwa Havlik." Kufika mwezi wa tisa alikuwa anapiga katikati, mishale inagusana, na Jumanne za ligi wanaume wakaanza kumpisha mstarini. Kiwewe kimekwisha, alijiambia. Lo!

Mwezi wa kumi alikwenda kuchukua mishale yenye vyembe vipya vya kuwindia.

"Nitapanda mtini na hiki hiki cha kiganja," alimwambia Verlyn.

"Thubutu!" Verlyn aliweka kikombe chake chini. "Kulungu atakungoja wewe ukae unabana mgongo? Atasimama kati ya miti miwili kwa pumzi mbili, basi. Una glavu nene, vidole vimekufa baridi, umejipinda kwenye kiti. Kikiachia unapovuta, mshale unakwenda kwa jirani. Na ukikidondosha? Utamwomba kulungu akuokotee?"

"Verlyn, kile cha mkanda ndicho kilichonitia aibu."

"Kilichokutia aibu ni kidole, usikisingizie chuma." Akafungua droo, akakitoa kile cha zamani. Alikuwa ameshakitengeneza siku nyingi, ilionekana, kwa kuwa skrubu ilikuwa imeshakazwa na kitufe kimekuwa kigumu. "Usibonyeze kwa ncha. Kizungushe kidole chote, kiwe kulabu, kisha vuta kwa mgongo kama ulivyozoea. Shabaha imekufundisha mgongo. Porini unahitaji kuchagua saa. Hivi ni vitu viwili."

"Na nitajuaje kama nimepona?"

"Anayepiga katikati siyo aliyepona. Weka nukta katikati, kidole kwenye kitufe, hesabu mpaka kumi, halafu shusha upinde bila kupiga. Haya, nionyeshe."

Ilikuwa Jumanne, ukumbi umejaa. Loretta akavaa mkanda, akavuta, akaweka nukta kwenye duara la njano. Moja. Mbili. Tatu. Alihisi kidole kimeanza kuwaka. Nne, na mshale ukaondoka.

Uligonga katikati kabisa. Wanaume wakapiga makofi, mmoja akapiga mluzi, "Huyo mama ni moto!" Loretta alitamani ardhi imfunike. Verlyn peke yake hakupiga makofi, alikuwa anajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Alirudi mara nne tena kabla ya Novemba. Siku nzuri alifika saba.

Siku aliyopanda ilikuwa ya mawingu, baridi kavu. Kabla hajatoka nyumbani aliviweka vifyatulio vyote viwili mezani, akavitazama. Cha kiganja kilimpa amani lakini mti haukukitaka. Cha mkanda mti ulikitaka lakini yeye alikiogopa. Akakifunga cha mkanda kifundoni, kile kingine akakirudisha kwenye boksi, kwa sababu alijua akiwa navyo vyote mfukoni atakaa kule juu akibishana na nafsi yake mpaka giza liingie.

Kutoka mtini nyumba ya Bi Adeline ilionekana, ng'ambo ya mabua ya mahindi yaliyovunwa. Dirisha la jikoni lilikuwa linatazama huku huku. Loretta alijifunga kamba ya usalama, akavuta upinde juu kwa kamba yake, akakaa. Hakuna aliyemwita. Macho yakaanza kumlegea, akajifinya paja asilale. Alikaa saa nzima, na ya pili ikaanza.

Dume alitoka upande wa kijito, shingo imevimba, pua chini anafuata harufu ya jike. Pembe zake Loretta hakuzihesabu. Kulungu alipopitisha kichwa nyuma ya shina, Loretta akasimama, akavuta upinde mpaka mkono ukatulia chini ya taya. Dume akajitokeza, hatua ishirini, ubavu wote wazi. Nukta ikaanza kupanda mguuni, ikaelekea nyuma ya bega.

Halafu kulungu akageuka. Alimwelekea mzima mzima, kifua mbele, kichwa juu, anatazama. Kwa mkao ule mfupa uko mbele, mapafu yamejificha, na mshale unaweza kuteleza ukaingia palepale ulipoingia mwaka jana. Nukta ilikuwa katikati ya kifua. Kidole kilikuwa kwenye kitufe, na kikaanza kuwaka.

Moja, akahesabu Loretta.

Mbili. Piga, kidole kikasema. Piga, ameganda, hutampata mwingine. Tatu. Nne. Aliona kopo la miiko, na jina lake kwa wino. Tano. Mgongo ulikuwa unatetemeka. Sita. Mama yangu, geuka basi! Saba. Hakugeuka. Nane. Machozi yalimtoka, ya hasira, maana alikuwa amechoka na kidole hiki, amechoka na maji ya chumvi, amechoka kuamrishwa na kila kitu chenye sauti na hata kisicho na sauti. Tisa. Kumi.

Akaondoa kidole kwenye kitufe. Akakilaza nyuma ya kitufe, polepole, akaachia upinde ushuke. Magurudumu yakamvuta bega kwa nguvu, mguu wake ukagonga chuma cha kiti. Kulungu akaruka mara mbili, mkia juu, mweupe, akapotea kijitoni.

Loretta akakaa tena kitini. Alilia kidogo, akacheka kidogo, akapenga makamasi kwenye glavu.

Ilikuwa bado mchana alipogonga mlango wa Bi Adeline. Desturi ni kupita kumwambia mwenye shamba umeona nini. Bi kizee alikuwa mezani, na mbele yake darubini ya marehemu mumewe.

"Ingia, funga mlango, unanitolea joto."

"Sikupata kitu, Bi Adeline."

"Sijakuuliza." Akamimina kahawa, akasukuma sahani ya mikate midogo yenye jemu ya plamu. "Nilikuona umevuta. Nikamwona dume amesimama pale kama mtu anayepigwa picha. Nikasema, haya, leo tena, anaharibu huyu."

Loretta alikuwa anautazama mshale wake dirishani.

"Mbona hukupiga?"

"Aligeuka vibaya."

"Mwaka jana pia aligeuka vibaya?"

"Mwaka jana sikusubiri kuona. Leo nilihesabu mpaka kumi nikashusha."

Bi Adeline akasugua kioo cha darubini kwa pindo la aproni. "Marehemu wangu aliwinda shamba hili miaka arobaini," alisema mwishowe. "Sikumwona hata siku moja akishusha upinde. Kila alichokivutia alikipiga, na nusu yake nilikuwa nikiiokota mimi mwezi wa nne."

Akainuka kwa shida, mkono mmoja mezani, akauchomoa mshale kwenye kopo la miiko, akauweka mbele ya Loretta.

"Chukua kitu chako. Kimenichosha kukitazama. Na kesho urudi, dume yule hajaenda mbali. Soseji zangu tia vitunguu saumu."

Loretta akashika mshale. Kahawa ilikuwa ya moto, jiko la kuni linanguruma kwa raha, na hakuna mtu aliyemtaka afanye chochote. Aliweka kichwa juu ya mkono wake, kidogo tu, apumzishe macho. Mkanda wa kifyatulio ulikuwa bado umemfunga kifundoni.

Bi Adeline alingoja mpaka pumzi zikawa nzito. Akainama, akafungua ule mkanda taratibu, akautundika kwenye msumari wa mlangoni, mahali ambapo mwenyewe atauona akitoka, auvae kesho mtini. Kisha akanyanyua simu ya ukutani, akapiga.

"Duane? Mkeo yuko kwangu. La, hajaumia, amelala." Upande wa pili kukasemwa jambo, refu, na ndani yake jina la Loretta lilisikika mara mbili.

"Nimekwambia amelala," akasema Bi Adeline. "Jipashie supu mwenyewe, na usimwite."

Akakata simu.