Sweta ya Chupa

Kampuni ya dawa za vinasaba ilifunguliwa Miyuji mwaka 1996, katika duka la ushirika lililokwisha kuishiwa cha kuuza. Walilipaka rangi nyeupe, wakaleta jenereta na jokofu kubwa, wakasimika kibao. Dawa hawakuwa nayo. Wawekezaji wa ng'ambo walitoa mtaji kwa imani tu, kama waumini wanavyotoa sadaka, ila hawa walitaka wavune hapahapa duniani.

Sila wa Bahi alikuwa mtoto wa darasa la tatu mwenye ugonjwa wa seli mundu. Baridi ya Juni ikiingia, mifupa ilimuuma hadi akawa anang'ata shuka. Mama yake, Anyesi, alimleta kwa lori la mpunga. Daktari Cornel, mkuu wa kampuni, alimpa mama shikamoo, akamtoa mtoto damu chupa moja.

"Mama, ugonjwa huu umeandikwa ndani ya damu. Sisi tunafuta, tunaandika upya. Dawa ikipatikana, Sila ndiye wa kwanza."

Anyesi aliweka dole gumba kwenye fomu.

Haukupita muda chupa ile ya damu ikaanza kulia ndani ya jokofu. Thobias, mlinzi, alipeleka habari Bahi, kama ifanywavyo mgonjwa wa wodini anapoita ndugu zake. Mgonjwa halali bila ndugu wa kumwangalia, hivyo Anyesi akahamia Nkuhungu, jirani na Miyuji, pamoja na mwanawe. Kampuni ikapanga saa za kuona mgonjwa. Kila asubuhi aliweka kikombe cha uji wa uwele ndani ya jokofu, na kabla uji haujapoa kikombe kilikuwa kitupu.

Kilichomsumbua Anyesi ni ile baridi ya jokofu. Alifumua sweta ya Sila, ya pekee, akaifumia chupa sweta ndogo yenye kola.

"Na mimi?" Sila aliuliza.

"Wewe una jua. Mwenzio hana."

Thobias alikubali. "Huyu wa ndani ana adabu, Mama Sila. Ananiamkia kabla sijakohoa. Huyu wako wa nje ananiita Jenereta."

"Si unanguruma," alisema Sila.

Mwaka 1999 dawa ilipatikana, na chupa ikapewa. Ikaacha kulia, ikanenepa, ikaanza kuimba pambio. Wawekezaji walikuja wakapiga makofi, mmoja akafuta machozi. Nje, kwenye benchi, Sila alikuwa amejikunja kwa maumivu. Mgeni mmoja aliuliza yule ni nani.

"Ndugu wa mgonjwa," alijibu Daktari Cornel. Sila akapewa biskuti.

Wageni walipoondoka, Anyesi alimsogeza mwanawe mlangoni. "Sasa zamu ya huyu."

Daktari alitazama viatu vyake. "Mama, tuliahidi kumtibu Sila. Sila amepona."

"Na huyu ni nani?"

"Huyu hatuna taarifa zake."

Hakusema kwa ubaya. Kampuni ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa kampuni kubwa zaidi ya ng'ambo, na chupa ndiyo iliyouzwa; jengo lilikuwa la kukodi. Siku ya safari Anyesi aliisindikiza chupa hadi uwanja wa ndege, akaifunga vizuri kola ya sweta.

"Shikamoo, mama," ilisema chupa.

"Marahaba, mwanangu. Usivue sweta."

Duka lile likawa baa. Thobias alibaki kulilinda. Anyesi na Sila walirudi Bahi.

Juni iliyofuata, katika kipindi cha salamu redioni, mtangazaji alisoma salamu kutoka ng'ambo. Chupa ilimsalimu mama yake Anyesi wa Bahi, na Sila mgonjwa, na Thobias mlinzi. Ilisema haijambo kabisa, na kwamba huko iliko ni kiangazi, joto jingi.

Anyesi aliongeza sauti kwa mkono mmoja. Kwa mwingine aliendelea kumkanda Sila magoti kwa kitambaa cha maji moto.

"Basi arudishe sweta," alisema Sila.

"Nyamaza. Mwenzio anasalimia."

Sila akang'ata shuka.