Uzito wa Mtu Mmoja

Ng'ombe wa Gatimu, mfugaji wa kijijini hapo, walikuwa wamekwisha kuingia katika kiwanja kilichofyekwa kwa ajili ya magari. Hakuna aliyewafukuza, maana hakuna gari lililokuja. Mhandisi Simeon Gicheru alisimama kwenye ukingo wa bonde, kofia ngumu kichwani, akitega sikio upande wa barabara itokayo Nyeri. Kila alipodhani amesikia mngurumo wa gari, kumbe ni mto chini yake. Juu ya meza palikuwa na chupa za chai zilizopangwa sawasawa, na mandazi ya kulisha kijiji kizima.

Tawi lao la chama cha wahandisi lilikuwa na mila moja ambayo haikuandikwa popote. Mwenzao akimaliza daraja, wanachama wote huenda kusimama juu yake bega kwa bega, kabla mwananchi yeyote hajalikanyaga. Mjenzi husimama katikati. Akitokwa na jasho, hutaniwa mpaka akome. Simeon alikuwa amesimama juu ya madaraja ya wenzake kuanzia Kenol hadi Doldol. Kwenye daraja moja, Mwai alifumba macho akashikwa mkono kama bibi harusi. Kwenye jingine, Gathogo alianzisha wimbo wa kanisani kwa sauti mbovu hata mbuzi wakatawanyika. Vicheko vya siku kama hizo vilimtosha mtu mwezi mzima.

Siku hizi vicheko vilikuwa adimu. Tangu mkewe Ngendo afariki, nyumba ya Simeon mjini ilikuwa na vyumba vingi kuliko sauti. Watoto walipiga simu Jumapili, wakauliza kama amekula, naye akasema amekula. Ndipo alipojitolea kuwachorea watu wa Tetu daraja la miguu, wasizunguke tena mbali wakibeba madebe yao ya maziwa. Na tuseme kweli: alilichora pana kuliko lilivyohitajika. Nduta, katibu wa tawi, alipomuuliza sababu, alijibu kwamba ni tahadhari. Haikuwa tahadhari hata chembe. Alitaka watu wapate mahali pa kusimama.

Nduta alifika kwa bodaboda, amepakata darubini ya upimaji. Alikuwa binti mchapakazi, mwenye haraka lakini mwenye adabu. Alisimika darubini ukingoni, kisha akasimika simu yake kando yake, ikitazama daraja.

"Wenzetu wako wapi?" Simeon aliuliza, ingawa alikwisha kuona simu.

"Wako hapa, Injinia. Wameingia kwa mtandao, wengi kuliko mwaka jana." Akainamisha uso. "Si ati wamekataa kukuja. Pointi za chama za kuhudhuria wanapata hata wakiwa nyumbani, na kila mtu ako na kazi."

Simeon alichungulia kioo cha simu. Hakuona uso hata mmoja. Aliona visanduku vyeusi vimepangana, kila kimoja na jina lake. Jina la Mwai lilikuwemo. Mwai aliishi mjini Nyeri, mtaa wa pili kutoka kwake.

Gatimu, aliyekuwa akingoja na majirani zake na madebe yao, alisogea. "Injinia, kama ni watu munataka, si tuko? Sisi pia tuko na uzito."

"Hapana." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. "Daraja likiwa na kasoro, lituangushe sisi tuliosomea. Nyinyi mngoje."

Alijikaza, akaingia darajani peke yake. Mbao mpya zilinukia. Alifika katikati, palipofungwa rula ndefu ya vipimo, akageuka kuwatazama wale wa ukingoni. Kushoto kwake palikuwa na nafasi, na kulia kwake vilevile. Alihisi upana ule wote kama aibu iliyoanikwa juani.

"Soma!" aliita.

Nduta aliweka jicho kwenye darubini. Akatazama, akarekebisha, akatazama tena.

"Limeshuka?"

"Bado, Injinia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni kama hakuna mtu."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayesifu kazi nzuri, na kwa kweli ilikuwa sifa. Mihimili ya chuma iliyokadiriwa kubeba umati haiwezi kumjali mzee mmoja. Simeon aliijua hesabu hiyo kuliko yeyote, lakini siku hiyo ilimuuma.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Gatimu alisema, na majirani wakacheka.

Nduta alikuwa amejiandaa. Magunia ya mchanga yaliyopimwa kwa mizani ya maziwa yalikuwa yamerundikwa kando. Kwa idhini ya Simeon, yaliburutwa kwa kamba mpaka katikati, bila mtu wa kijiji kukanyaga ubao. Simeon mwenyewe aliyapanga kila upande wake. Daraja likashuka sawasawa na alivyokuwa amekadiria, si zaidi. Nduta alitangaza kipimo. Simu ikajaa vijipicha vya mikono inayopiga makofi, pasipo sauti. Kisha visanduku vikaanza kuzimika, na kile cha Mwai kikazimika.

"Hongera sana, Injinia," Nduta alisema. "Sasa tuyatoe?"

Magunia yalipokwisha kuvutwa nje, Simeon hakutoka. Alisimama pale pale kwa kitambo, mkono kwenye reli. Kisha akamwita Gatimu, na nyuma ya Gatimu wakaja majirani wote, madebe mikononi, wakikanyaga kwa woga kwanza. Nduta akafuata, ameacha darubini yake bila msomaji. Simeon aliona, asimkemee.

Walipomfikia akanyanyua mkono. "Simameni hapa kidogo."

Wakasimama, wakambana huku na huku. Mama mmoja alimkanyaga kiatu, akaomba radhi.

"Tunafanya nini, Injinia?" Gatimu alinong'ona.

"Hakuna. Tumesimama tu."

Wakatazama maji. Mtu alikohoa. Debe liligonga reli, mtoto mgongoni akacheka, na Simeon akafumba macho. Bega la Gatimu lilikuwa zito juu ya bega lake, lenye joto na harufu ya ng'ombe.

"Injinia," Gatimu alisema hatimaye, kwa upole, "maziwa itaharibika."

"Ndiyo. Ndiyo, nendeni."

Akajibana kwenye reli kuwapisha. Walipita mmoja mmoja, wakimwambia asante, wakapanda upande wa pili kwa mazungumzo yao. Gatimu alikuwa wa mwisho.

"Gatimu. Kesho mtapita hapa?"

Gatimu aligeuka, debe begani, akamtazama kana kwamba hakuelewa swali.

"Na tutapitia wapi ingine, mzee?"