Melodi Iliyopotea Uwanjani

Wanawake themanini walisimama uwanjani wakingoja wakati wa kugeuka, na wakati ulipofika hawakugeuka. Wachache wa mbele walijizungusha kwa kubahatisha, wa katikati wakagongana mabega, na mstari wa nyuma ukabaki umeduwaa kama watu waliosahau walichofuata dukani. Kinanda, msichana aliyekuwa kando ya meza ya mitambo, alihisi uso ukimuwaka. Muziki ulikuwa wake. Ishara ya kugeuka ilikuwa melodi yake, ile sauti ya juu ya kinanda cha kompyuta aliyoihangaikia wiki tatu nzima. Ngoma zilisikika, besi ilitikisa mpaka vumbi, lakini melodi, ambayo ndiyo iliyotakiwa kuongoza, haikuwapo.

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake na kwenye kitambulisho. Wengine wote walimwita Kinanda. Mchana alitengeneza simu kwenye kibanda kilichobanwa kati ya duka la rangi na kinyozi. Jioni alijifungia kwenye chumba kidogo nyumbani kwa dada yake mkubwa, chenye kompyuta moja, kibodi ya vitufe ishirini na tano na hedifoni zilizofungwa plasta. Shemeji yake, mtu wa utani, alidai ameisikia melodi hiyo mara nyingi mpaka sasa anatafuna chakula kwa kuifuata.

Dada mwenyewe alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na ndiye aliyewaandaa wale akina mama kwa maonyesho ya Jumamosi. Kamati ya maonyesho ilitaka wimbo uliokwisha kuvuma redioni. Dada alisimama kidete akasema mdogo wake atatunga kitu kipya. Kwa hiyo siku ile ya Alhamisi, mazoezi yalipoharibika, aliyeaibika hakuwa Kinanda peke yake.

Dada hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma. Alijifuta jasho, akamvuta pembeni.

"Mdogo wangu, mimi mambo ya kompyuta siyajui," alisema. "Ninachojua ni kwamba hawa mama wanageuka wakisikia, wasiposikia hawageuki. Kesho saa tisa tunarudia mara ya mwisho."

Jioni hiyo Kinanda alifanya kile ambacho kila mtu angefanya: aliongeza sauti ya melodi. Alipoona haitoshi, akaiongezea melodi sauti nyingine tano za kuisindikiza, kila moja ikipishana kidogo na mwenzake. Halafu akakizidisha kile kitufe alichokipenda kuliko vyote kwenye programu yake, cha kupanua sauti, ambacho alikuwa amekitumia tangu mwanzo. Masikioni mwake melodi ilijaa kulia na kushoto, ikawa pana kama anga. Alilala akitabasamu.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, na saa sita alikuwa uwanjani na kompyuta kwapani. Alimkuta fundi wa mitambo amelala chali chini ya meza akiunga nyaya. Huyu alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, na watu walimwita Mama Spika. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa miaka mingi, baada ya spika kubwa kulipuka karibu naye. Hakulionea haya. Ukimsemesha upande huo alikuzungukia taratibu kama lori linalogeuza.

Kinanda alimwomba asikilize kabla hawajawasha spika za uwanja. Mama Spika alichomoa hedifoni za Kinanda, akachomeka zake, akabana upande mmoja kwenye sikio lake zima. Alisikiliza dakika mbili akitikisa kichwa kwa kufuata ngoma.

"Nzuri," alisema. "Melodi inaingia saa ngapi?"

Kinanda alidhani anataniwa. Alimwambia ilikwisha kuingia, tena mara mbili. Mama Spika akamvisha hedifoni zile. Kinanda alibonyeza kuanzia mwanzo, akangoja. Ngoma zikaja, besi ikaja, na pale melodi ilipopaswa kupasua anga, palikuwa na mchakacho mwembamba tu, kama mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta. Akavaa za kwake: melodi ile pale, inang'aa. Akarudia za Mama Spika: imeyeyuka kama sukari kwenye chai.

"Hizi zina nini?" aliuliza.

Mama Spika alimwonyesha kifundo cha waya alichokiunga mwenyewe. Kwa kuwa alikuwa na sikio moja, alichanganya kulia na kushoto vipite njia moja, asikose chochote.

"Na uwanja huu ni vivyo hivyo, binti," alisema. "Aliyekaa mwisho wa huku na aliyekaa mwisho wa kule lazima wapate kitu kimoja. Uwanja mzima ni sikio moja."

Hapo Kinanda akaelewa. Kitufe cha kupanua kilikuwa kimeugeuza upande mmoja wa melodi kinyume cha mwenzake. Mtu mwenye hedifoni hupata upana. Lakini ukizichanganya pande hizo, moja inavuta huku nyingine inasukuma, zinamalizana. Kadiri alivyoipanua melodi, ndivyo alivyoifuta.

Alikiondoa kitufe. Melodi ikarudi, iko katikati, imesimama wima. Akacheka peke yake. Mama Spika alikwenda kupandisha spika, akamwachia zile hedifoni.

Bado kulikuwa na msongamano, lakini sasa alijua anatafuta nini. Hakuongeza kitu. Alizitupa sauti tano za kusindikiza, akabakiza moja tu, chini kidogo, ya kuipa melodi kifua. Vinanda vya kujaza nyuma vilikuwa vinaimba kwenye kimo kilekile cha melodi, akavishusha vikae chini yake na kuvipunguza pale katikati ili melodi ipate nafasi. Kila noti akaipa mwanzo mkali, kama kidole kinachogonga meza. Mwangwi aliufunga ukae kimya melodi inapozungumza, uinuke inapopumua. Mwishowe, kabla tu ya kugeuka, akanyamazisha kila kitu kwa pigo moja zima. Aliposikiliza, alijikuta amesimama bila kujua alisimama saa ngapi.

Saa tisa melodi iliingia, na themanini wakageuka kama mlango mmoja. Dada alisimama mdomo wazi, kisha akaamuru warudie, halafu warudie tena, na ilikuwa wazi kwamba mara ya tatu ilikuwa ya raha yake tu.

Jumamosi watu walijaa. Kinanda hakuweza kukaa penye meza. Muziki ulipoanza alitoka mbio, akauzunguka uwanja kwa nje, akawapita watu wa kamati na shemeji yake aliyekuwa anapunga kofia, mpaka akafika mwisho kabisa, nyuma ya goli la mbali. Alishika uzio akihema. Kule mbali ngoma zilikatika. Aliona migongo themanini ikigeuka pamoja na nguo za njano zikipepea kabla hajasikia lolote, maana sauti huchelewa kwa umbali; nukta moja ya mshangao ikapita, ndipo melodi ikamfikia, ikiwa imevuka uwanja mzima, kila noti imetimia.

Mwanamume asiyemjua, aliyembeba mtoto mabegani, alimuuliza kama anajua huo ni wimbo wa nani.

"Wangu," alisema Kinanda, na sauti ikamkatika kwa furaha, ikabidi aseme mara ya pili.