Gauni Kumi na Mbili za Zahanati

Mtaa mzima ulimwita Saa Moja, na waliokumbuka jina alilopewa na wazazi wake walikuwa wachache. Saa moja kamili ya asubuhi cherehani yake ilianza kulia pale barazani, iwe mvua, iwe jua, iwe jana yake walizika. Kina mama waliwatoa watoto kwenda shule kwa mlio ule. Miaka thelathini na miwili. Ukimsifu alikuwa akikuambia sifa hizo mpelekee mwenyewe, yuko ndani.

Mwenyewe ni mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi. Mume alishona, mke akaipokea nguo, akaipitia mshono kwa mshono, na ulipopinda hata kwa upana wa punje ya mchele aliufumua wote kwa mkasi wake mdogo, akamrudishia. Mwanzoni waligombana sana. Baadaye mume akatambua kwamba mkasi ule mdogo ndio uliowaletea wateja.

Sasa mke alikuwa amesahau. Ugonjwa ulianza kula majina, ukaja kwenye nyuso, ukafika hadi njia ya kwenda chooni. Mumewe mwenyewe alimwita “we baba,” kama mpita njia. Kilichobaki ni mikono. Kila nguo iliyotoka kwenye cherehani aliinyooshea mkono, akaikagua kwa makini yale yale ya zamani, kisha akaifumua. Mshono uliopinda aliufumua, ulionyooka aliufumua.

Na zahanati ilikuwa imeleta vitambaa vya gauni kumi na mbili za wauguzi, zichukuliwe Ijumaa. Muuguzi mkuu, mama mpole lakini wa neno moja, alimwambia waziwazi kwamba hii ni mara ya tatu anampa siku. Akija akute hazijawa tayari, kazi ya zahanati itakwenda kwa fundi mwingine. Wateja wengine walikwisha kuondoka mmoja mmoja kwa adabu. Zahanati ndiyo iliyokuwa imebaki.

Jumatatu Saa Moja alishona gauni mbili, jioni zikawa vipande. Jumanne alishona tatu, akazifungia sandukuni. Mke akakaa mbele ya sanduku akiligonga kwa kiganja, hataki chakula, hataki maji, mpaka vidole vikavimba. Mume akafungua. Alimpa nguo kuukuu afumue hizo, akazitupa chini. Vidole vyake vilijua mshono wa leo na wa mwaka juzi. Binti yao, aliyekuwa akija kila siku kumwogesha mama, akashauri afungiwe chumbani hadi Ijumaa ipite. Jumatano wakajaribu. Alilia nyuma ya mlango kama mtoto aliyeachwa sokoni, na Saa Moja hakumaliza hata pindo moja.

Alhamisi saa moja ilifika, cherehani haikulia. Saa Moja alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Alikuwa amekwisha kusali, lakini maneno yalimtoka kama mtu anayesoma barua ya jirani. Nje aliwasikia wanawake wakiulizana kama saa ya mtaa imekufa betri.

Fundi viatu wa nyumba ya pili akaingia bila hodi.

“Saa Moja, leo ni saa ngapi?”

“Sina moyo, jirani. Nachota maji kwa pakacha.”

“Nani kakuuliza habari za moyo? Wewe peleka makalio. Kiti hakijali kama umefurahi.”

Saa Moja alicheka kidogo, cheko la adabu, akavaa kandambili ya pili.

Pale kitini likamjia wazo, na hilo lingeweza kumjia yeye tu. Aliona kosa ni lake: siku hizi alikuwa akishona kwa haraka na kwa uchungu. Kama mikono ya mke bado inajua mshono, basi itaujua mshono mzuri. Akaacha kuhesabu zilizobaki. Akashona gauni moja, siku nzima, polepole, kila mshono akiupiga pasi kabla ya kugusa unaofuata. Tangu aanze ufundi hakuwahi kushona nguo kama ile. Kulipokaribia magharibi akampelekea.

Mke aliikagua muda mrefu. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa bega, taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani nguo ilipompendeza. Mungu wa Saa Moja alikuwa karibu sana dakika ile.

Kisha mkasi ukaingia.

“Huo umenyooka, mke wangu,” akasema.

“Najua umenyooka,” mke akajibu kwa upole. “Lakini mwambie mume wangu arudie. Yule anaweza zaidi ya hapa, we baba.”

Ijumaa muuguzi mkuu alikuja, akatazama rundo la vipande, akamtazama mama aliyekaa kwenye mkeka na nyuzi mapajani. Hakugomba. Alimuuliza mgonjwa hali, akampa mzee pole ndefu, kisha akavikunja vitambaa vya zahanati kimoja kimoja akaondoka navyo. Saa Moja alimsaidia kufunga furushi.

Jumamosi binti alipofika kumwogesha mama, alimkuta baba yake kitini, akiunganisha nusu mbili za shuka aliyoichana mwenyewe. Mama alikuwa ameketi kando, mkono ameunyoosha, anangoja. Binti akamuuliza hiyo ni kazi ya nani. Baba akasema si ya mtu. Akamuuliza tena ataifanya mpaka lini, na hapo mzee akakanyaga cherehani hadi mwisho wa mshono, ulionyooka vizuri tu, akaukata uzi, akampa mkewe.

Alimwomba binti, akirudi kesho, apitie dukani amletee uzi, rangi yoyote.