Bampa la Mwalimu Erica

Zablon alikuwa amenyoosha bodi za magari Kikuyu, Dodoma, kwa miaka ishirini na sita, na hakuna gari alilotengeneza lililowahi kurudi. La Mwalimu Erica lilirudi siku ya pili.

"Shikamoo, mzee. Linafunga breki lenyewe, barabara ikiwa tupu."

"Marahaba. Labda unakanyaga bila kujua."

Erica akamwambia apande. Kwenye njia ya Makutupora gari likasimama ghafla, mkanda ukambana Zablon kifuani. Mbele hapakuwa na hata mbuzi.

"Nani kakanyaga?" Erica akauliza.

Zablon akashuka, akaligonga bampa kwa kidole. Ndani yake kulikuwa na kifaa kinachoangalia barabara na kufunga breki kikiona kizuizi, naye alikuwa amekifunika kwa puti nene ili kuficha ufa. Rangi ilikuwa imetulia vizuri sana.

"Nimelipofusha," alisema.

Akaagiza bampa jipya. Lilipofika, alilipeleka gari kwa jirani yake Mudrick, anayepima magari kwa kompyuta. Walikuwa hawajasalimiana tangu mwaka juzi.

"Nifundishe," akasema Zablon.

Mudrick akamvutia kiti.