Mwamba Ulioitwa Nyota

Mtangazaji hakutaka kuisoma habari ile. Aliyeiandika ni mkuu wa kituo: nyota ya maangamizi inakuja kutuangukia, msikilizaji usibanduke redioni. Tangu tangazo lake lirushwe jana, watu walikuwa matumbo joto, na hata dada wa mtangazaji alikuwa amewazuia watoto wake wasiende shule.

"Soma hivyohivyo, bibie," mkuu alimwambia. "Hofu ndiyo inayotuletea wasikilizaji."

Taa nyekundu ikawaka. Mtangazaji akaisukuma karatasi kando.

"Ndugu msikilizaji, tumekudanganya. Kinachopita wiki hii si nyota, ni asteroidi: mwamba uliosalia tangu sayari zilipokuwa zikiumbika, nao unalizunguka jua kama sisi. Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, maana yake 'mfano wa nyota', kwa sababu waliozitazama mwanzoni kwa darubini waliona vitone vya mwanga tu. Huu utapita mbali kuliko ulipo mwezi. Dada, wapeleke wanao shule."

Mkuu alikuwa akigonga kioo cha studio kwa ngumi. Mtangazaji hakugeuka. Aliyarudia maelezo yote polepole, ndipo akaweka muziki.

"Kibarua chako kimeota nyasi!" mkuu alifoka mlangoni.

"Sawa, bosi. Lakini uongo huo utausoma kwa mdomo wako."

Akabeba mkoba wake akatoka, kichwa kikiwa juu. Kwenye redio ya kinyozi wa jirani, muziki uliisha, na hakuna aliyeisoma ile habari ya nyota.