Makungwi wa Tumbo la Baba Rukia

Usiku wa jana niliota nimo tumboni mwa mume wangu. Sikushangaa. Baba Rukia ana miezi sasa analalamika tumbo, na chai yake lazima iwe ya kuunguza. Nikimwambia aende hospitali akapimwe kwa ile kamera ya kumeza, ananiuliza ni wapi nimeona mtu mzima na akili zake akimeza kamera. Kwa hiyo nilipojikuta humo ndani nikaona heri, acha nikajionee mwenyewe.

Mlangoni nakuta walinzi wamejaa bega kwa bega, kila mmoja na filimbi mdomoni. Moyo unanitulia. Kumbe mume wangu analindwa vizuri.

"Usifurahi," inasema filimbi ya mlinzi wa mbele. "Mlinzi mzima hufanya kazi yake akaondoka. Ukiona wamejazana hivi, ujue wamepinda."

Namtazama vizuri. Kweli, amepinda kiunoni kama msumari uliopigwa vibaya. Kazi yake ni kusimamisha kila chembe hai ya mwili inayotaka kugawanyika, aikague, na ikiwa imeharibika isiweze kurekebishika tena aiambie ikafe kwa heshima zake. Chembe moja mbovu inapita mbele yake, inamwamkia, inajigawa mbili, na zote mbili zinaingia. Mlinzi anatafuna filimbi tu.

Mara tumbo si tumbo tena, ni turubai la harusi pale mtaani Makorora. Wanawake wa makamo wamekaa mkekani. Nawatambua papo hapo: ni makungwi wa joto. Chai ya moto ikimwagika kutoka juu, kila kiumbe humo kinanywea, nao wanakishika, wanakinyoosha, wanakikunja vizuri kama khanga mpaka kirudi umbo lake. Mkubwa wao anaitwa Bi Mwanasiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua viatu."

Navua. Namuuliza kwa nini yule mlinzi aliyepinda haondolewi. Ananionyesha kwa kidevu: makungwi wawili wamemshika makwapa asianguke. Wengine wamepakata chembe mbovu, wanazipepea zisife kwa joto.

"Sisi hatumwachi mwari akaanguka," anasema. "Ndivyo tulivyofundwa."

"Lakini hawa si wari, bibi. Wataniulia mume."

Anafikiri, mikono bado inakunja. "Najua, mwanangu. Ila mikono yetu haijui kuacha. Mpaka waje watu wa nje, wa hospitali, watuambie basi."

Hasira zinanipanda, na huruma pia, maana ni wanawake wema na sina hata mmoja wa kumgombeza. Nakimbilia kooni, ambako leo kuna ngazi za saruji, napanda mpaka chini ya ulimi, napiga ukelele kwa nguvu zangu zote: "Baba Rukia, kesho unakwenda hospitali, utake usitake!"

Akapiga mbweu. Nikaamka.

Kumeshakucha. Baba Rukia ameketi ukingoni mwa kitanda, keshavaa shati lake la kutokea, anafunga vifungo polepole. Amenyong'onyea kama mtu aliyekaripiwa mbele ya wakwe.

"Haya, twende hospitali," ananiambia bila kunitazama. "Lakini usinipigie tena kelele tumboni, Mama Rukia. Majirani wanasikia."

Nafungua mdomo nimjibu. Sauti imenikauka, haitoki hata kidogo.